Re: Maratoni ni Mei, na miye bado niko nyuma ya mlango

Kutoka: Mtoto wa Bagira, Ottawa

Jambo wandugu. Nilijiandikisha kwa maratoni ya Ottawa ya mwisho wa Mei, kilometa 42 na mita 195, na ku kazi wote nimesha waambia. Sasa tuko Januari na tangu Noeli sijatoka hata mara tatu. Narudi saa kumi na moja ya jioni, giza imeisha kushuka, nafungua mlango, ile baridi inaingia ku mapua, nafunga mlango. Kwetu Bukavu nilikuwa nakimbiaka kila siku ya posho (Jumamosi) mbele ya jua bila hata saa ya kuniamsha. Wenye munaishi huku siku mingi, mulifanya aje?

Kutoka: Dada wa Nguba, Montréal

Mdogo wangu, ile si uvivu. Miye nilipita mle mle. Nilinunua viatu vya bei, nikabandika programu ya wiki 16 ku frigo, haikumaliza wiki mbili. Nilikuja kuelewa kitu kimoja: kwetu sikukuwa na nia kubwa kuliko huku, kwetu kulikuwa watu. Wale vijana wa karate wanapita wanaimba, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, miguu yote inapiga chini pamoja kutoka Nyawera mpaka La Botte, unawasikia hata hujaamka vizuri, na kama haukutoka, kesho yake mama jirani anakuuliza ao ulikuwa na malaria? Huku nani atakuuliza. Tena jua la Desemba hapa linazama saa kumi na robo, mchana haufike hata masaa 9, na sisi tumezoea masaa 12 mwaka mzima.

Basi nilitafuta mtu wa kuningoja. Mdogo wangu yuko Bukavu, saa zetu zinaachana masaa 7 wakati wa baridi (6 wakisha sogeza saa mu Machi), kwa hiyo saa kumi na moja ya alfajiri yangu ni saa sita ya mchana kwake. Tulipatana siku ya pili, ya ine na ya posho, saa sita kamili ananitumia vokali, ujumbe wa sauti ku telefone, na miye namjibu nikiwa inje, asikie theluji. Ile theluji kavu ya digri 15 chini ya zero inalia chini ya kiatu kama mtu anatafuna muhogo mubichi, mara ya kwanza aliniuliza, "Yaya, uko unakula nini?" Yeye mwenyewe tangu waasi wa M23 waliingia mu mji, Februari 2025, hatoke tena mbele ya jua, hali ya mji munaijua, sitarefusha. Lakini aliniambia, "Wewe uko na fasi ya kukimbia, nenda, unikimbilie na miye." Tangu ile siku kufunga mlango kulinishinda.

Ya mavazi sasa, juu wengi wanaacha sababu ya mavazi, si sababu ya roho. Hapana pamba ku mwili, pamba inakunywa jasho halafu inakugandisha. Nguo ya kwanza nyembamba yenye kutosha jasho, ya pili ya joto, ya tatu ya kuzuia upepo. Dakika kumi za kwanza usikie baridi kidogo, kama mlangoni unajisikia vizuri, basi ulivaa mingi. Anza ukielekea upepo, urudi ukiwa nao mgongoni, juu wakati wa kurudi njo umeloa jasho. Vazelini ku mashavu na ku pua. Telefone ikae ndani karibu na mwili, ku mfuko ya inje batri inakufa. Na meteo, usitazame digri peke, tazama ile namba ya baridi pamoja na upepo: kuanzia -28 kushuka, ngozi yenye iko wazi inaweza kuganda mu dakika 10 mpaka 30. Ile siku napanda tapi, ile mashini ya kukimbilia, mu sale ya mazoezi. Siipendi, lakini naipanda.

Kutoka: Papa wa Kadutu, Gatineau

Mwanangu, sikiliza dada yako, na miye naongeza barafu. Si ile nyeupe, ni ile yenye haionekane, unafikiri ni lami imeloa tu. Miye ilinivunja mkono nikienda kupanda bisi, miezi mitatu sikubeba hata ndoo. Nunua ile miba ya chuma ya kuvalisha ku viatu, na upunguze hatua, ziwe fupi. Kilometa pia uziongeze polepole, watu wanasema asilimia 10 kwa wiki, usipite pale, mishipa ya miguu haina haraka.

Miye sikimbie tena, natembea tu. Lakini mimi na wewe ni mto tu unatutenganisha. Siku ya posho saa mbili ya asubui nitakuwa ku daraja ya Portage, upande wa Ottawa, na termosi ya chai ya tangawizi. Ukimbie, urudi, unikute pale.

Kutoka: Mtoto wa Bagira, Ottawa

Papa, aksanti sana. Saa mbili niko pale, nitavaa kofia nyekundu.

Dada, yule mdogo wako wa Bukavu, naweza na miye kumwomba vokali moja?