Jino la Nasra na dakika nane

Kikundi: UKOO WA MTONI (Unguja, Dar, Uingereza)

JUMANNE

15:12 Salma: Asalaam aleikum jamani. Nimepigwa tiketi ya paking. Pauni 50!! Natoka kwa daktari wa meno na Nasra, nakuta bahasha ya manjano imegandishwa kiooni, imelowa mvua chapachapa

15:12 Salma: [picha]

15:13 Rashidi: Waaleikum salaam. Hicho ni kidole

15:14 Salma: Nasra huyo, kashika simu. Ngojeni

15:15 Salma: [picha]

15:17 Mama: Pole mwanangu. Sasa huyo askari yuko wapi? Si umfuate mkazungumza

15:18 Salma: Mama, huku hayupo wa kuzungumza naye. Kabandika kaondoka zake

15:19 Mama: Binadamu si ana watoto. Mpe ya chai

15:19 Rashidi: 😂😂 Mama Mkubwa utampeleka Salma jela

15:22 Juma Temeke: Huku kwetu unaletewa meseji na kontroo namba, unalipa kwa simu, biashara imeisha. Lipa dada. Kwani ukiwahi hawakupunguzii?

15:23 Salma: Wanapunguza nusu. 25 ndani ya siku 14. Nilitaka nilipe sasa hivi nilale

15:24 Juma Temeke: 25 ni karibu laki ya huku. Kwa kusimamisha gari!

15:31 Ami Hemed: Usilipe binti yangu. TUPA. Mimi mwaka 2011 nilipata tatu, zote nimetia pipani, hakuna aliyekuja kugonga mlango. Wanatisha tu hao.

15:40 Mwanaidi: Shikamoo Ami. Shikamoo Mama Mkubwa. Nipo kazini lakini hapa lazima niseme. Salma, usilipe bado. Ukishalipa kesi imefungwa, huwezi kulipa halafu ukabisha. Na Ami, samahani sana, lakini asitupe

15:41 Mwanaidi: Salma, soma neno la kwanza juu ya hiyo karatasi. Ni Penalty Charge Notice au Parking Charge Notice?

15:43 Salma: Si ni kitu kimoja? Zote PCN

15:44 Mwanaidi: Ndipo wanapotupatia hapo. Ikiwa Penalty, ni ya kanseli (halmashauri ya mji), ni faini ya kisheria. Ikiwa Parking, ni ya kampuni binafsi, hiyo ni bili tu wanayodai umevunja mapatano ya kiwanja chao. Karatasi zimefanana makusudi, rangi na bahasha. Njia za kubisha ni mbali kabisa

15:46 Salma: Penalty. Ina nembo ya kanseli

15:47 Mwanaidi: Sawa. Kuna namba ya kosa, tarakimu mbili, na saa waliyoandika

15:49 Salma: 05. Saa 14:38

15:50 Mwanaidi: 05 maana yake muda uliolipia umekwisha. Ulikata tiketi ya mashine au kwa simu? Mpaka saa ngapi?

15:51 Salma: Ya mashine. Sikumbuki, imebaki garini. Nashuka

15:52 Ami Hemed: Marahaba Mwanaidi. Lakini nakwambia hawaji.

15:58 Salma: Nimekanyaga dimbwi kwa ndara. Hii hapa. 14:30

15:58 Salma: [picha]

15:59 Mwanaidi: Dakika nane

16:00 Mwanaidi: Salma, iweke karatasi hiyo kama dhahabu. Hapa England tangu Aprili 2015 ukipaki mahali pa kulipia, muda wako ukiisha kanseli haina ruhusa ya kukutoza mpaka dakika 10 zipite. Ni sheria, hawakufanyii hisani. Kakubandika ya nane

16:01 Rashidi: Kwa hiyo hata kwenye mistari miwili ya njano, pasipopakiwa, nina dakika 10?

16:02 Mwanaidi: Hapana Rashidi. Ni mahali palipokuwa halali kwako kupaki, muda ukaisha. Kwenye mistari ya njano hukuwa na muda wa kuisha

16:02 Rashidi: 😔

16:20 Salma: Nimeandika barua, nisomeeni. "Mheshimiwa, mimi ni mama wa watoto watatu, mume wangu anafanya kazi usiku. Mwanangu Nasra miaka 7 aliamka alfajiri akilia jino, shavu limevimba, nikampigia daktari wakaniambia njoo saa saba na nusu, tulipofika tukasubirishwa, kisha sindano ya ganzi ikabidi irudiwe, na nje mvua ilikuwa kubwa, na mimi mwenyewe nina presha..."

16:22 Mama: Umeandika vizuri. Watalia

16:23 Juma Temeke: Ongeza mashine ilikuwa mbovu

16:25 Mwanaidi: Juma! Mashine zinaweka kumbukumbu za kila tiketi iliyotoka, na tiketi yake imetoka hapo hapo. Tena kudanganya kwenye pingamizi rasmi ni jinai. Asiongeze kitu, apunguze

16:27 Mwanaidi: Salma mpenzi, ya jino ni kweli na inauma, lakini anayesoma barua hii anasoma mia kwa siku. Ukimpa jino, mvua, presha na sheria, atachukua jino, atakujibu "pole, lakini ulipaswa kukata muda wa kutosha". Umempa mlango wa kutokea. Ukiwa na dakika nane huhitaji jino. Jino wanaandika wasio na dakika nane: gari limeharibika, mgonjwa kazidiwa njiani. Hao kanseli ina hiari ya kuwasamehe, na wakati mwingine inasamehe kweli

16:28 Salma: Basi niandikie

16:35 Mwanaidi: Naandika Kiswahili Mama Mkubwa naye aelewe, wewe igeuze:
"Napinga tiketi namba hii, gari namba hii. Tiketi yangu ya mashine ilikwisha saa 14:30. Nyinyi mmetoa faini saa 14:38, dakika nane baadaye. Kosa mlilotaja halitozwi faini kabla ya dakika 10 kupita. Naambatisha picha ya tiketi. Naomba mfute."
Mwisho. Usiweke hata pole

16:36 Mama: Barua kavu hiyo

16:36 Mwanaidi: Kavu ndiyo yenyewe Mama Mkubwa 🙏🏽

16:38 Mwanaidi: Na kabla hujatuma, ingia tovuti ya kanseli, tia namba ya tiketi na ya gari. Picha alizopiga yule mtu zote zimo

16:52 Salma: WALAAHI. Kapiga picha tano. Ya tatu kaivuta mpaka ndani ya kioo, tiketi yangu kando ya boksi la tishu, 14:30 inasomeka kuliko hata picha yangu! Na chini pembeni kamera yake imeandika 14:37

16:53 Rashidi: Kakupigia ushahidi

16:54 Mwanaidi: Pakua zote leo. Tuma leo leo pia, ndani ya siku 14. Kawaida ukiwahi hivyo hata wakikataa wanakufungulia nusu bei upya, 25 yako inakungoja

17:05 Salma: Na wakikataa?

17:11 Mwanaidi: Unalala. Siku 28 zikipita toka tiketi wanamletea mwenye gari barua nyingine, Notice to Owner, kwa anwani iliyoko DVLA, ofisi ya usajili wa magari. (Rashidi, wewe uliyehama, umebadilisha anwani?) Ukiipata hiyo una siku 28 za pingamizi rasmi, na kanseli isipokujibu ndani ya siku 56 umeshinda. Wakikataa tena, unakwenda kwa mwamuzi wa kujitegemea. Nje ya London ni Traffic Penalty Tribunal, London wana yao. Bure, huhitaji wakili, unafanya kwa intaneti au kwa simu ukiwa jikoni. Tatizo ukifika hapo nusu bei imekwenda, ukishindwa ni 50 kamili. Wengi wanaogopa hapo wanalipa. Wewe kwa dakika nane usiogope

17:13 Ami Hemed: Na asipojibu kabisa? Sema ukweli.

17:16 Mwanaidi: Ya kanseli Ami? 50 inapanda nusu yake, 75. Kisha inasajiliwa deni katika mahakama ya Northampton, kisha dalali wa mahakama anakuja, na yeye gharama zake anakupachika wewe. Nimejitolea miaka miwili kwenye dawati la ushauri, nimeona mtu analipa mia tano kwa tiketi ya thelathini

17:17 Ami Hemed: Mimi zangu zilikuwa za supamaketi.

17:18 Mwanaidi: Eeh! Ndiyo maana. Tena 2011, wakati huo hawakuwa na njia ya kumdai mwenye gari, ilibidi wamjue dereva. Sheria ilibadilika Oktoba 2012: wakapigwa marufuku kufunga magurudumu kwenye viwanja binafsi, wakapewa uwezo wa kumdai mwenye gari. Na 2015 bwana mmoja, Barry Beavis, alibisha pauni 85 za kiwanja cha maduka Chelmsford mpaka Mahakama ya Juu, akashindwa. Siku hizi wanashitaki Ami

17:20 Ami Hemed: Kumbe.

17:21 Rashidi: Da Mwana 🙈

17:21 Mwanaidi: Nini tena

17:22 Rashidi: Mimi ninayo ya supamaketi. Ami aliniambia nitupe

17:22 Ami Hemed: Sikujua mambo ya Beavis.

17:23 Mwanaidi: Umeitupa??

17:25 Rashidi: Ipo chini ya godoro. Ilikuja kwa posta, kamera ya getini. Inasema nilipaki tarehe 2, barua imeandikwa tarehe 24 mwezi huo huo

17:27 Mwanaidi: Afadhali godoro. Sikiliza. Hakuna kilichobandikwa kiooni siku ile?

17:27 Rashidi: Hakuna

17:30 Mwanaidi: Basi ili wamdai mwenye gari, barua ilitakiwa ikufikie ndani ya siku 14. Ya kwako imeandikwa siku ya 22, bado haijapanda hata posta. Wanabaki na dereva tu, na dereva hawamjui. Kwa hiyo usiandike popote "nilipaki". Andika "mimi mwenye gari aliyesajiliwa". Neno moja la "nili" limewamaliza watu

17:31 Rashidi: Lakini ni mimi niliyepaki

17:31 Mwanaidi: Sikukuuliza 🙂 Na wala usiseme si wewe, huo utakuwa uongo. Hulazimiki kuwaambia, basi

17:33 Mwanaidi: Kwanza unabisha kwa kampuni. Wakikataa wanakupa namba ya kwenda POPLA au IAS (waamuzi wa rufaa za viwanja binafsi), inategemea chama chao. POPLA ni bure, na ikisema wewe umeshinda kampuni inafungika, ikisema umeshindwa wewe hufungiki. Na risiti ya manunuzi unayo? Mpelekee meneja wa duka. Mara nyingi wanafuta kwa simu moja, hawataki kugombana na wateja

17:35 Rashidi: Nilinunua mkate tu

17:35 Mwanaidi: Mkate ni risiti

17:36 Mwanaidi: Na ikija karatasi ya mahakama, hiyo usiitie godoroni hata siku moja. Siku 14 uwe umejibu. Ukinyamaza wanapata hukumu bila wewe, na usipoimaliza ndani ya mwezi inakaa miaka sita kwenye rekodi yako ya mikopo. Mwakani unataka nyumba au hutaki?

17:40 Juma Temeke: Mimi huku nabaki na kontroo namba yangu

IJUMAA, WIKI TATU BAADAYE

11:06 Salma: [picha]

11:06 Salma: WAMEFUTA!!! "Tumepitia ushahidi na tumefuta." Hata samahani hawakusema

11:07 Rashidi: Na wewe hukusema pole 😂

11:09 Ami Hemed: Hongera binti yangu. Mwanaidi, mwanangu, Mungu akuzidishie. Ninayo moja ya mwezi uliopita, nitakuletea uione.

11:09 Mwanaidi: Amin. Ami!!!

11:10 Ami Hemed: Ya kanseli. Nadhani.

11:12 Mwanaidi: Nakupigia simu sasa hivi

11:20 Mama: Alhamdulillahi. Sasa mbona hakuna aliyeuliza, jino la mtoto limekuwaje?

11:24 Salma: Lilizibwa Mama. Juzi limeng'oka lenyewe akila kashata