Tumelipia kutazama ndege Malagarasi, kumbe tumelipia kuwafukuza!

Wakuu, habari za saa hizi. Nina hasira, mnivumilie.

Wikiendi hii nimeenda kuangalia ndege kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi na waandaaji wa safari wa hapahapa Kigoma mjini, jina naliweka kapuni. Laki na nusu kwa kichwa. Barabara ya Uvinza sina neno nayo, wali uliopoa nao upite. Balaa lilianzia kwenye boti.

Pembeni mwa mafunjo, kwenye tope, kulikuwa na kundi la vitwitwi wanadonoa, midomo inaingia inatoka, hawana habari na mtu. Hata darubini sijaitoa kwenye mkoba, nahodha kafungulia mashine yote, anawaendea moja kwa moja, na muongozaji kasimama mbele anapiga makofi na miluzi. Kundi zima likaruka. "Haya, pigeni picha, pigeni picha!" Watu wanashangilia. Na hivyohivyo kila tulipokuta ndege wametua. Kila tulipokuta!

Nikamuuliza, kaka, huu ndio utalii? Akanijibu, "Dada, ndege ana mabawa, si atarudi tu."

Hivi huyu anakijua anachokiongoza? Vitwitwi wale ni wageni, wanataga huko Ulaya ya kaskazini na Urusi, kwetu wanakimbia baridi. Mwezi huu wa tatu wanakula kwa bidii wajaze mafuta mwilini ya kurudia kwao, maelfu ya kilomita, na ndege mwenyewe gramu 100 hafiki. Ukimrusha kila mara anachoma akiba ya safari. Basi tu.

Korongo nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, ambaye nusu ya boti ndiye walimfuata, hatukumwona hata unyoya. Ndege anayesimama kimya kwenye mafunjo akivizia kambare, kwa miluzi ile angekaa?

Eneo hili ndilo la kwanza Tanzania kuingia kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, zaidi ya hekta milioni 3. Na tunaliendesha kama ufukwe siku ya Idi.

Nimedai nusu ya hela, simu hazipokelewi. Aliyewahi kurudishiwa na waandaaji wa namna hii aseme alipitia wapi. Na mwenye kumjua mvuvi wa kule anayepeleka watu kwa mtumbwi wa kasia, taratibu, bila kelele, aje inbox.