Mrejesho: maiki ya bumu iliyokuwa inakwaruza ufukweni

Wakuu, niliwauliza kuhusu maiki yetu ya bumu (ile inayoshikwa kwenye mti mrefu juu ya waigizaji) iliyokuwa inapiga "pa! pa!" kila tukirekodi tamthilia alfajiri kule Bagamoyo, jua likipanda inatulia. Mliosema ni unyevu mmepatia. Fundi alinionyesha kutu ya kijani kwenye pini za plagi, lakini akasema mchawi hasa ni kapsuli, yaani kile kichwa kinachonasa sauti: maiki ya kondensa ya kawaida inanasa sauti kwa chaji ya umeme, ikilowa chaji inavuja, ndiyo hiyo milipuko.

Tumechukua maiki nyingine, Sennheiser MKH 416 ya mtumba. Kapsuli yake inatumia umeme wa masafa ya redio badala ya chaji hiyo, kwa hiyo unyevu hauisumbui sana. Bei inauma jamani, na inataka volti 48 kutoka kwenye rekoda, kwa hiyo betri wekeni kwenye bajeti mapema. Ufukweni mazungumzo yanasikika safi, mawimbi yakibaki nyuma. Ila chumba kidogo chenye dari ya bati siipeleki, mwangwi unakera. Huko bado tunatumia ile ya zamani, ambayo ikiwa mahali pakavu haina neno.

Matunzo: kasha lisilopitisha hewa, ndani silika (chembe za kunyonya unyevu). Chembe hizo za rangi ya chungwa zikigeuka kijani zimeshiba maji, nazikausha kwenye oveni kwa moto mdogo. Manyoya ya kuzuia upepo tunayasuuza kwa maji yasiyo na chumvi, tunayaanika kivulini, kisha tunayachana.

Aliyeshauri niianike maiki juani: mkuu, fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.