Wakwe wanasema kanisa letu lilianzishwa na mfalme aliyetaka kumwacha mke. Niwajibu nini?

MlimaMaseno:
Wadau, naomba msaada kabla ya Desemba. Mimi Mwanglikana wa huku Maseno, mchumba ni Mkatoliki wa Mumias. Jumamosi tulipeleka mahari. Ng'ombe wanne walipokelewa, wawili tukaahidi Desemba, mambo shwari. Balaa lilianza kuku alipofika mezani. Mzee mmoja wa upande wao aliweka kikombe chini, akafuta mdomo, akasema, "Hawa si ndio wale ambao kanisa lao lilianzishwa na mfalme aliyetaka kumwacha mke?" Watu wakacheka. Baba hakucheka, na nyama hakuigusa. Anayejua maana ya kuku kwa Mluhya ataelewa nilivyotoka jasho.

Kondele_Stage:
Si ni ukweli? Kula kuku, nyamaza.

MwalimuMstaafu:
Kijana, mzee hakudanganya, ila alimega tonge moja akaacha sahani. Historia nimefundisha Kakamega miaka 31, na sura hii wanafunzi wetu waliishika upesi kwa sababu Henry wa Nane, huyo mfalme wa Uingereza, kwa lugha ya huku, alirithi mjane. Catherine wa Aragon aliolewa kwanza na kaka yake Henry, Arthur, aliyefariki 1502. Papa Julius wa Pili akatoa ruhusa, Henry akamwoa 1509. Mtoto aliyepona akawa mmoja tu, Mary, na mfalme alitaka wa kiume. Ndipo akakumbuka Walawi 20:21, anayetwaa mke wa nduguye hatapata watoto. Kumbukumbu la Torati 25:5, panapomwagiza ndugu amtwae mjane, hapo hakupapenda.

Wake wawili hakutaka, kijana. Alitaka Papa atamke kwamba ndoa ile haikuwahi kuwa ndoa. Papa Clement wa Saba angethubutu vipi? Majeshi ya Kaisari Charles wa Tano yalikuwa yameipora Roma 1527, na Charles ni mtoto wa dada yake Catherine. Basi 1534 bunge likamtangaza mfalme mkuu wa kanisa la Uingereza.

Wengi hukomea hapo. Lakini Henry hakugeuka Mprotestanti. Misa aliipenda, na sheria yake ya 1539 iliwakataza makasisi kuoa. Tarehe 30 Julai 1540, pale Smithfield, London, waliuawa watu sita kwa mpigo: Wakatoliki watatu waliokataa ukuu wake, Waprotestanti watatu walioitwa wazushi. Walikokotwa barabarani juu ya machela za miti, wawili wawili, Mkatoliki na Mprotestanti ubavu kwa ubavu. Wakatoliki wakanyongwa na kukatwa vipande, Waprotestanti wakachomwa. Mpe mzee siku hiyo moja tu, umwulize Henry ni wa nani.

BintiWaShibuye:
Shikamoo mwalimu. Ila ninyi mkisimulia mnakimbilia yule binti Mary, malkia Mkatoliki, na mioto yake ya kuchoma Waprotestanti, ila Elizabeth, dada yake wa baba mmoja na malkia Mprotestanti aliyemfuata, mnamruka. Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama wa York, alishtakiwa 1586 kwa kuficha mapadri. Akakataa kujibu mashtaka, maana kesi ingewaburuta watoto wake kutoa ushahidi. Wakamlaza chini, wakamwekea mlango juu, wakapanga mawe mpaka akafa.

MwalimuMstaafu:
Marahaba binti, sina la kupinga. Mary aliwachoma watu kama 280 kwa miaka mitano, akiita uzushi. Elizabeth aliwaua Wakatoliki akiita uhaini, hasa baada ya Papa Pius wa Tano kutangaza 1570 kwamba raia hawana wajibu wa kumtii. Kukosa ibada ya Kianglikana ilikuwa faini ya peni 12; kufikia 1581 ikawa pauni 20 kwa mwezi. Hapo maskini hata hatajwi.

Na usidhani ugomvi ulibaki kwao. Buganda, 1892, Waprotestanti waliitwa Waingereza, Wakatoliki Wafaransa, wakapigana kwa bunduki pale Mengo. Mwaka 1895 wakaja mapadri wa Mill Hill, shirika la wamisionari Wakatoliki, kutoka London, sababu mojawapo ni watu waone kwamba Mwingereza naye anaweza kuwa Mkatoliki. Ni hao hao waliokuja kufungua misheni ya Mumias. Kwa hiyo mzee wenu na dini yake, aliyemletea ni nani?

Kondele_Stage:
😂😂 Mwalimu amemaliza. Kuku aliwe.

MlimaMaseno:
Asante sana mwalimu. Nimemsomea baba yote, hadi yale ya machela. Amekaa kimya, kisha akauliza swali moja: huyo Arthur alipokufa, mahari ilirudishwa?

MwalimuMstaafu:
Haikurudishwa. Kule mahari ilitoka kwa kina bibi arusi, na ilikuwa imelipwa nusu. Baba yake Henry hakutaka kuirudisha, na nusu ya pili bado aliitaka. Ndiyo sababu mojawapo ya binti wa watu kukaa Uingereza miaka saba, mjane, akingoja.

MlimaMaseno:
Hiyo siwasomei wakwe. Ng'ombe wawili bado wanatudai.