Vim: nikifanya :cn baada ya :make inanifungulia faili tupu

mwana_ruzizi
Wandugu, jambo. Niko Bukavu, najifunza C kwa kuandika kaprogramu ka madeni ya duka la dada. Makefile ya juu (faili la maelekezo ya make, amri inayoendesha kompaila) inaita nyingine iliyo ndani ya folda ya src. Nikipiga :make ndani ya Vim, kihariri changu, makosa yanatoka vizuri, na :copen inayaorodhesha. Lakini :cn, ya kurukia kosa linalofuata, badala ya kunipeleka src/deni.c mstari wa 41, inafungua deni.c mpya, tupu, nje ya src! Rafiki yangu ana Makefile hiihii na kwake inakubali. Kwangu inatoka hivi:

`make[1] : on entre dans le répertoire « /home/mimi/duka/src »`
`deni.c:41:12: erreur: …`

mama_makefile
Mdogo wangu, Makefile yako haina neno. Mashine yako inaongea Kifaransa, na ya rafiki yako bila shaka Kiingereza.

Kompaila imetaja deni.c bila src kwa sababu make ilishaingia src kabla ya kuiita. Vim itajuaje? Inasoma ule mstari wa juu. errorformat, mpangilio ambao Vim inasomea makosa, ina kipande cha %D kinachosubiri maneno "Entering directory" ili kijue folda imebadilika. "On entre dans" kinaipita kama haipo, kwa hiyo Vim inatafuta deni.c pale ulipoifungulia. Na Vim ukiitajia faili isiyokuwepo hailalamiki, inakupa mpya.

Weka hii kwenye vimrc, faili la mipangilio ya Vim. makeprg ndiyo amri ambayo :make inaiita, na LC_ALL=C inaifanya iongee Kiingereza:

`set makeprg=LC_ALL=C\ make`

Usisahau huo mkwaju kabla ya nafasi. Kuna watakaokuambia ubadilishe lugha ya mashine nzima. Achana nao.

Halafu zoea `:make!` yenye alama ya mshangao, isikurushe kwenye kosa la kwanza kabla hujaiona orodha. Rekebisha la juu kabisa, kompaili tena. Kwenye C mengi ya chini ni wajukuu wa lile la juu, ukilisahihisha wanaondoka wenyewe.

kijana_wa_emacs
Huku kwetu kwenye Emacs, kihariri kingine, ni M-x compile (M ni kitufe cha Alt). Inakuletea `make -k`, unatanguliza LC_ALL=C hapohapo, kisha M-g n kurukia kosa linalofuata. Ila mwanafunzi aifute hiyo -k: faili moja ikifeli, make inaendelea na nyingine, skrini inajaa.

mwana_ruzizi
Imekubali, dada, asante sana! Ila sasa na GCC, kompaila yangu, inanifokea Kiingereza, na mimi nimesomea Kifaransa. Haiwezekani make ibadilike, GCC ibaki?

mama_makefile
Inawezekana. makeprg iache hivyo, kisha ndani ya Makefile ile ya src:

`CC = LC_ALL=fr_FR.UTF-8 gcc`

Hakikisha amri zako zinatumia $(CC), si gcc iliyoandikwa kwa mkono. Neno "erreur" halitaisumbua Vim, maana jina la faili, mstari na safu vinakaa palepale. Angalia kwa `locale -a` kama fr_FR.utf8 imo. Kama haimo, tumia ile ya Kifaransa utakayoiona kwenye orodha hiyo.