"Have" au "had" katika ripoti ya kontena

Karani wa Kurasini:
Habari za jioni, ndugu zangu. Katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha, ripoti za wateja huandikwa kwa Kiingereza, na leo tumebishana kuhusu sentensi moja. Mwenzangu ameandika "The container has arrived on Monday", nami naona ingefaa "had arrived", kwa kuwa Jumatatu imekwisha kupita. Nani yuko sahihi?

Mwalimu wa Jioni:
Ndugu Karani, hapo nyote wawili mmekosea. Kwa Kiswahili mtu husema "kontena limefika Jumatatu" na hakuna anayeshtuka, lakini "have" ya Kiingereza haikai pamoja na siku au saa iliyokwisha kupita, kwa sababu kazi yake ni kuliunganisha tendo na sasa: "The container has arrived" humwambia mteja kwamba mzigo upo na anaweza kuanza kuushughulikia. Mkitaja Jumatatu, andikeni "arrived" tu. "Had" nayo haisemi kwamba jambo ni la zamani sana, kama wengi wanavyodhani, bali kwamba lilitangulia jambo jingine ambalo nalo limepita. Ndiyo "lilikuwa limefika" yetu. Mkiiandika peke yake, mteja atabaki akisubiri hilo jambo la pili.

Abiria wa Kigamboni:
Naongezea kwa Mwalimu. "When I reached Magogoni, the ferry had left" maana yake nilikuta kivuko kimekwisha kuondoka. Ukiandika "the ferry left", msomaji ataelewa kwamba kiliondoka mara nilipofika. Penye "before" au "after" mfuatano huwa bayana, hivyo "The ferry left before I arrived" inatosha. Binafsi huiondoa "had" kila inapowezekana, kwani ripoti iliyojaa "had" huchosha kusoma.

Karani wa Kurasini:
Ahsanteni sana. Je, "The container had arrived on Monday, but the documents came on Thursday" itakubalika, ingawa Jumatatu imetajwa?

Mwalimu wa Jioni:
Itakubalika, maana katazo la kutaja siku linaihusu "have", si "had", na hapo kuja kwa nyaraka Alhamisi ndilo jambo la pili. Ila kama nyaraka hazijafika hadi mnapoandika, rudini kwenye "have": "The documents have not arrived."