Mbwa mwenye tumbo linalosumbua: chakula cha mfuko au cha kupika nyumbani?

Mkazi wa Milimani, Kisumu
Hamjambo nyote. Naomba ushauri wenu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa fedha nilizotenga zinatosha mfuko mmoja tu. Mbwa wetu huharisha, akapata nafuu, kisha akaharisha tena. Nimetajiwa Royal Canin Gastrointestinal na Hill's i/d, vyakula vya mfuko vya mbwa wenye matatizo ya tumbo, lakini jirani anashikilia kwamba wali na kuku wa kuchemsha vinatosha. Ninunue kipi?

Bi Lanet
Ndugu yangu, hujatuambia mbwa ana umri gani, ni wa aina gani, amekonda au la, anakula nini sasa, wala alipewa dawa ya minyoo lini. Je, kinyesi kina damu au utelezi? Kama ni mtoto wa miezi mitatu anayetapika na kuharisha damu, mpeleke kwa daktari leo hii, kwa maana parvo, ugonjwa hatari wa virusi, haimpi mtu nafasi ya kulinganisha bei.

Mpishi wa Kakamega
Mimi niko upande wa jirani yako. Chemsha kuku asiye na ngozi, bila chumvi wala viungo, uchanganye sehemu moja ya nyama na sehemu mbili za wali mweupe uliolainika, kisha umpe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku. Usitumie mabaki ya mchuzi wa nyumbani, kwa sababu kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Haya yote unayapata sokoni bila kuvunja benki.

Bi Lanet
Kwa siku chache nakubaliana nawe, lakini si kwa miezi. Wali na kuku havina kalsiamu ya kutosha, na mbwa anayeikosa chakulani huanza kuitoa katika mifupa yake mwenyewe.

Mfugaji wa Njoro
Naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, maana jambo hili lilituumiza sana. Tulikuwa na German Shepherd aliyekula kuliko mbwa wengine wote wa boma, na bado mbavu zake zilihesabika kwa macho. Kinyesi chake kilikuwa kingi kupita kiasi, cha rangi ya manjano iliyopauka, kimelainika na kung'aa kwa mafuta, naye alikuwa akikigeukia na kukila. Tulijaribu wali, tukajaribu chakula cha mfuko, na mhudumu wa duka moja la dawa za mifugo akatuuzia antibiotiki bila hata kumwona mnyama. Kila badiliko lilituliza tumbo kwa muda, kisha hali ikarudi pale pale, na manyoya yakazidi kufifia. Hatimaye daktari alipima damu akagundua kwamba kongosho halikuwa likitoa vimeng'enya vya kusaga chakula, ugonjwa unaojulikana sana kwa mbwa wa aina hiyo. Alianza kuchanganyiwa unga wa vimeng'enya katika kila mlo, akachomwa sindano za vitamini B12, na unga ulipokosekana tulimpa kongosho bichi la ng'ombe kutoka machinjioni, kwa maelekezo ya daktari. Chakula kile kile kilichokuwa kikipita bure ndicho kilichomnenepesha. Kwa hiyo nakusihi ujue kwanza tumbo linasumbuliwa na nini.

Mvuvi wa Dunga
Mbona hakuna aliyetaja omena, dagaa wa ziwani? Ina protini na kalsiamu, kwa sababu huliwa pamoja na mifupa yake.

Mpishi wa Kakamega
Omena iliyoanikwa chini ina mchanga, mzee wangu. Ioshwe mara kadhaa hadi maji yawe safi.

Bi Lanet
Zaidi ya mchanga, kama tumbo linakataa protini fulani, tiba ni kumpa protini ambayo hajawahi kuila, bila kingine chochote, kwa wiki kadhaa. Mbwa wa Kisumu aliyekulia omena hatajaribiwa kwa omena, labda sungura. Pia angalieni unga wa ugali wa mbwa. Watu wengi humpikia mbwa mahindi yaliyoota ukungu, ilhali sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la binadamu, na mwaka 2004 iliua watu 125 hapa Kenya.

Mkazi wa Milimani, Kisumu
Nawashukuru kwa dhati. Ana miaka mitano, ni chotara, hajakonda sana, na kinyesi kina utelezi bila damu. Hula ugali na omena. Daftari lake la chanjo halionyeshi dawa ya minyoo tangu mwaka jana. Nitampelekea daktari kinyesi kibichi Jumatatu. Je, mfuko niuache kwanza?

Mfugaji wa Njoro
Uache. Daktari akishuku kongosho limevimba, atataka chakula chenye mafuta kidogo, na aina zote mbili ulizotaja zina toleo la namna hiyo, tofauti na lile la kawaida.

Mpishi wa Kakamega
Na mpaka Jumatatu atakula nini, kama si wali na kuku?

Bi Lanet
Hadi Jumatatu, sawa. Baada ya hapo bado nakupinga.